Mapovu ya Waya Mweusi

Kwa miaka kumi na mmoja Urbanus Makau alikula kwa betri. Alikuwa na kibanda cha mabati pale Mashimoni, Kibera, karibu na kioski cha maji. Watu wa Kibera ambao nyumba zao hazikuwa na stima walimletea betri za gari asubuhi, wakazichukua jioni, wakaenda kuwasha televisheni na redio zao. Hakuhitaji kipimo. Aliinamisha sikio juu ya betri, akasikiliza mapovu yanavyochemka ndani, akasema, "Hii imeshiba," na kweli ilikuwa imeshiba. Asidi ilimtobolea suruali zote alizokuwa nazo, na vidole vyake vilijaa makovu meupe. Watu walimwita Fundi, na jina hilo lilimtosha.

Mkewe, Mukai, aliuza sukuma wiki. Alizinunua asubuhi kwa wakulima wa Silanga, kando ya bwawa, na kufikia saa tisa alikuwa amemaliza. Mtoto wao mmoja, Victor, alilelewa na nyanya yake Kitui. Mukai aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipofariki, na jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 2007, kanisa la jirani lilipofungua darasa la jioni kwa watu wazima waliotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, ni Makau mwenyewe aliyempeleka kujiandikisha. Aliwaambia wateja wake, "Mama Victor atakuwa nesi. Ngojeni tu mwone."

Alijivunia hivyo kwa miezi mitatu. Kisha jina la Mwalimu Khamala likaanza kuingia nyumbani kwake.

Khamala alifundisha kemia. Alikuwa Mluhya wa Kakamega, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, na alitoka kwake Kawangware kwa miguu mara tatu kwa wiki kuja kufundisha Kibera. Mwanzoni Mukai alimtaja kidogo tu. Mwalimu amesema hivi, mwalimu ametuonyesha vile. Baadaye jina lilikuja na chai, likaja na ugali, likalala katikati yao kitandani. Makau akisema mvua itanyesha, Mukai alisema Mwalimu Khamala amewaeleza mvua hutoka wapi. Makau akilalamika kuhusu kutu kwenye mabati, kumbe hata kutu nayo ilikuwa na maelezo yake kwa Khamala.

Kulikuwa na jambo lingine dogo ambalo Makau asingeweza kulitaja kwa mtu bila kuona aibu. Yeye alimwita mkewe Mama Victor, kama alivyoitwa na mtaa mzima. Khamala alimwita Mukai.

Siku moja mkewe alipokwenda kuoga, Makau alifungua daftari lake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na yeye aliishia darasa la saba, lakini michoro aliielewa. Kulikuwa na chombo chenye maji, vijiti viwili ndani yake, waya mbili na betri. Kijiti kimoja kiliandikwa anodi, kingine kathodi. Vidoa vidogo vilikuwa vikiogelea majini, vingine na alama ya kujumlisha, vingine na alama ya kutoa, na mishale ikionyesha kila kidoa kinakimbilia wapi. Chini yake alilitambua neno moja alilozoea kulisikia kwenye nyimbo za redio, neno la kuvutiwa. Huyu huvutiwa na yule. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwandiko usiokuwa wa Mukai: kazi nzuri sana, una kipaji.

Alilifunga daftari akaliweka pale pale alipolitoa. Mkewe aliporudi, maji yakimchuruzika shingoni, alimuuliza kwa sauti ya kawaida, "Hii mambo ya kuvutiwa ni nini mnasoma huko?"

"Ni elektrolisisi," Mukai akasema, akajifuta uso. "Ukipitisha umeme kwenye maji yenye chumvi au asidi, vitu vilivyo ndani vinaachana. Kila kimoja kinaenda upande wake. Chenye chaji ya kujumlisha kinavutwa upande wa kutoa, na chenye chaji ya kutoa kinavutwa upande wa kujumlisha."

"Vinaachana," Makau akarudia.

"Ndiyo. Vilikuwa pamoja, umeme unavitenganisha." Akacheka. "Baba Victor, si ni ile kazi yako tu! Ndiyo maana Mwalimu anataka kutuleta kwa kibanda chako. Unakubali?"

Angesema hapana angeonekana mtu wa roho ndogo. Alikubali.

Walikuja Jumamosi moja ya Septemba, wanafunzi kumi na wawili, akina mama na vijana, wakasimama kulizunguka benchi lake. Khamala alimpa mkono kwa heshima, akamwita Bwana Makau. Kisha akachukua bakuli la plastiki, akalitia maji, akaongeza asidi kidogo ya betri, akazamisha penseli mbili zilizochongwa ncha zote mbili. Alifunga waya mwekundu wa betri kwenye penseli moja na mweusi kwenye ya pili. Papo hapo mapovu yakaanza kupanda. Juu ya kila penseli aliinamisha kichupa chembamba cha kioo kilichojaa maji, na gesi ikawa inakusanyika juu, ikisukuma maji chini.

"Tazameni vizuri," akasema. "Upande wa waya mweusi gesi ni mara mbili ya upande wa mwekundu. Nani ataniambia kwa nini?"

"Kwa sababu maji ni haidrojeni mbili kwa oksijeni moja," Mukai akasema kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo.

"Barabara, Mukai." Khamala akamgeukia mwenye kibanda. "Fundi, hebu na wewe utusaidie. Kila wiki unaongeza maji kwenye betri za watu. Hayo maji huwa yanaenda wapi?"

Makau hakuwa ametarajia swali. Watu walikuwa wakimtazama, wakiwemo wateja wake wawili. "Yanaliwa na chaji," akasema.

Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini katikati ya vicheko Makau alikisikia kimoja alichokijua vizuri, kile cha puani ambacho Mukai alizoea kukizuia kwa kiganja. Safari hii hakukizuia.

"Msicheke," Khamala akawaambia. "Fundi amesema kweli, ni jina tu la kisayansi hana. Umeme unayagawa maji yakawa gesi mbili, zinapanda hewani. Kwa hiyo kweli yanaliwa."

Ni jina tu hana. Makau angependelea waendelee kucheka.

Khamala alikitoa kile kichupa cha upande wa waya mweusi, akakiziba kwa dole gumba, akasogeza njiti ya kiberiti iliyowaka. Kikalia pwa, kama mtoto wa mbwa aliyekanyagwa, na akina mama wakaruka nyuma. "Hiyo ndiyo haidrojeni," akasema. "Haina rangi wala harufu. Bwana Makau, kibanda chako kiko wazi pande tatu, na hiyo ndiyo salama yako. Usichaji betri ndani ya chumba kilichofungwa. Cheche moja tu inatosha."

"Mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na mmoja, mwalimu," Makau akajibu.

"Najua, Fundi. Nasema tu."

Tangu siku hiyo Makau akawa mtu wa kuchunguza. Saa kumi na mbili jioni alifunga kibanda mapema akasimama mlangoni mwa kanisa, ati amekuja kumsindikiza mkewe. Alitazama ni nani aliyetoka wa mwisho. Simu ya Mukai ikilia alisikiliza mlio wa sauti ya upande wa pili, kama alivyosikiliza betri. Hakupata kitu. Kadiri alivyokosa kitu, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kimefichwa. Ni kweli hakuwa na ushahidi wa mapenzi, na pengine kama angeupata angepumua. Kilichomla ni kwamba mtu aliyekuja na penseli mbili alikuwa ameingia kwenye kazi yake, akaifungua, akamwonyesha mkewe kilichokuwa ndani. Na mkewe alikuwa amependa alichokiona.

Kisha ukaja uchaguzi.

Yaliyotokea Kibera baada ya matokeo kutangazwa mwishoni mwa Desemba hayana haja ya kuelezwa kwa aliyekuwepo. Makau na Mukai walikaa ndani siku tisa. Vurugu za mwanzo ziliwapita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja na Wakamba kama wao. Lakini Jumanne moja, mwanzoni mwa Januari, ilitangazwa redioni kwamba Mkamba amepewa cheo kikubwa katika serikali ile ile ambayo mtaa ulikuwa ukiipinga, na kabla ya jua kuzama mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye mabati ya kibanda: WASALITI. Usiku huo mabati yenyewe yaliondoka, na betri saba za wateja zikaondoka nayo. Makau aliokoa betri nne na chaja kwa sababu alikuwa amezilaza chini ya kitanda.

Aliyewatafutia mahali pa kwenda alikuwa Khamala. Alimpigia Mukai simu asubuhi, akamwambia katika ploti anayokaa, Kawangware, upande wa kuelekea Satellite, kuna chumba kimeachwa wazi. Mwenye ploti, Mzee Kagiri, alikuwa amekubali waingie hata bila malipo ya mwanzo.

"Hatuna mtu mwingine?" Makau akauliza.

"Kama unaye, mtaje," Mukai akasema. Walikodi mkokoteni, wakapakia godoro, sufuria, betri na chaja, wakaondoka Mashimoni bila kuaga mtu.

Ploti ya Kagiri ilikuwa na vyumba kumi vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati, na lango la chuma. Wao walipewa namba nne. Khamala alikaa namba sita. Mkewe, Jentrix, alikuwa amekwenda Kakamega kwa sikukuu na watoto, na barabara zilipofungwa akakwama huko. Kwa hiyo kila asubuhi Makau alipofungua mlango alimwona huyo mwanamume, peke yake, akipiga mswaki mbele ya namba sita, akiinua mkono kumsalimia.

Ungefikiri shukrani ingeizima ile hali. Shukrani iliichochea. Kula chumvi ya mtu unayemwonea wivu ni kazi nzito kuliko kubeba betri. Darasa la kanisani lilikuwa limefungwa, lakini Mukai alitoa kigoda nje jioni, Khamala akatoa chake, wakaendelea na masomo hapo hapo uani, mbele ya wapangaji wote. Makau hakuwa na pa kushika. Watu hawajifichi uani. Mukai akipika muthokoi wa mahindi na maharagwe, sahani ya kwanza ilipelekwa namba sita.

"Yeye ndiye mgeni au sisi?" Makau akauliza siku moja.

"Yuko peke yake, Baba Victor. Na ametutoa motoni."

"Hata mimi ningetutoa."

Mukai alichukua sahani, akatoka nayo.

Kazi aliianza upya chumbani. Stima ya Kagiri ilikuwa halali na haikukatika sana, na watu walikuwa na njaa ya habari, kwa hiyo wateja hawakukosekana. Kuweka betri nje hakuthubutu, kwani zingeibwa. Alizipanga sakafuni ukutani, nne, wakati mwingine sita, zikachemka mchana kutwa.

"Fungua dirisha," Mukai akamwambia. "Na mlango uegeshe tu. Mwalimu alisema..."

"Mwalimu alisema!" Makau akasimama, akalivuta dirisha, akalifunga kwa komeo. "Mwalimu ameshawahi kuchaji betri? Ameshaungua vidole? Hii ni kazi yangu, Mama Victor. Niachie hii moja."

Tangu hapo dirisha lilibaki limefungwa. Hakuwa na sababu nyingine ya kulifunga, na alilijua hilo.

Katika wiki ya mwisho ya Januari habari za mauaji ya Nakuru na Naivasha zilifika Kawangware, na mtaa ukabadilika uso. Sasa waliowindwa walikuwa Wajaluo na Waluhya. Vijana wa Kikuyu walisimama kwenye kona na mapanga. Milango mingine ilichorwa alama. Khamala aliacha kutoka nje ya lango. Mzee Kagiri alimwambia asiogope, hakuna mpangaji wake atakayeguswa, lakini Mzee alikuwa na miaka sabini na mbili.

Jumatano, kama saa nane na nusu mchana, Makau alikuwa amekwenda dukani kununua unga. Kijana mmoja anayeitwa Kihara, mtoto wa ndugu yake Kagiri, alimfuata hadi kando ya duka. Makau alikuwa akimchajia betri ya muziki.

"Niaje, Fundi. Mambo ya huko kwa uncle?"

"Poa."

"Nyinyi Wakambodia sasa mko side yetu, ama?" Kihara akatabasamu kwa jina hilo la utani la Wakamba, kisha akashusha sauti. "Kuna huyo ticha Mluhya. Uncle amekataa kusema ako nyumba gani. Mlango tukikosea tutavunjia watu wetu bure. Wewe unajua?"

Makau alijua anachoulizwa, na alijua kitakachofuata. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba aliogopa, kwamba kijana alikuwa na kitu kiunoni. Lakini ukweli ni kwamba Kihara alimuuliza kwa upole, na angesema hajui, mambo yangeishia hapo. Alichokiona mbele yake wakati huo ni wino mwekundu. Aliona kigoda uani.

"Sita," akasema.

"Number sita?"

"Mkono wa kushoto ukipita mfereji."

"Poa sana. Saa kumi tunapitia. Wewe jifungie tu kwako." Kihara akampiga bega, akaenda.

Alirudi na unga. Uani aliwakuta wale wawili vigodani, vichwa vimeinamia daftari moja. Mukai alikuwa akieleza yeye, na Khamala akisikiliza. "Kwa hiyo ukitaka kupaka kijiko shaba," alikuwa akisema, "kijiko unakifunga kwa hasi, na shaba yenyewe unaifunga kwa chanya, inaliwa kidogo kidogo inahamia kwa kijiko." Khamala akapiga makofi mara moja tu, kwa furaha ya mwalimu. Alipomwona Makau akasema, "Fundi! Huyu atapita mtihani, nakuambia. Atatupita sote."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Makau angeweza kusema hapo. Badala yake aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani akitazama ukuta.

Betri sita zilikuwa zikichemka tangu asubuhi. Alizisikia zimeshiba, zimepita kushiba. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuondoa koleo la waya kabla ya kuzima chaja kwanza. Ni jambo ambalo mkono wake ulijifunza zamani kuliko akili yake. Lakini siku hiyo mkono nao ulikuwa dukani bado, na Kihara. Alizubaa kitandani mpaka ikapita zaidi ya nusu saa, kisha akainuka, akainama juu ya betri ya mwisho, akang'oa koleo jeusi ilhali umeme ungali unapita.

Cheche ilikuwa ndogo tu. Baada yake hakukuwa na kitu cha kuona. Mlio ulijaza chumba, kifuniko cha betri kikapasuka, na asidi ikamrukia usoni. Alijisikia akipiga kelele kama anayemsikia mtu mwingine.

Mlango ulivunjwa kwa bega. Mikono ya mwanamume ilimshika makwapani, ikamburuta hadi uani, na sauti ya Khamala ikawa juu yake, kavu, haina woga hata kidogo. "Maji! Mukai, maji mengi. Fundi, usisugue. Ondoa mkono, usisugue!"

Mfereji ulifunguliwa ukakohoa tu. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana. "Mitungi yangu," Khamala akasema. "Iko nyuma ya mlango, mitatu. Leta yote." Mukai alikimbia. Khamala alipiga magoti, akakilaza kichwa cha Makau pajani mwake, akakigeuza upande ili maji yasiingie jicho la pili, na maji yakaanza kumwagika. Mukai alifika na mtungi wa pili, akapiga magoti ng'ambo, akamshika kope kwa vidole viwili akalifumbua jicho kwa nguvu.

"Asidi huyeyuka kwenye maji," Khamala alikuwa akisema, sasa taratibu, kama yuko darasani. "Tukiosha muda mrefu itaisha. Vumilia, Fundi. Dakika ishirini. Mimi sitoki hapa."

Sitoki hapa. Maneno hayo ndiyo yaliyomvunja Makau.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Usiongee."

"Saa ngapi, mwalimu?"

"Kumi kasorobo."

"Toka," Makau akasema. Maji yalimwingia mdomoni, akayatema. "Toka uende. Wanakuja saa kumi. Kihara na wenzake. Wanajua namba yako."

"Nani kawaambia?" Ni Mukai aliyeuliza.

"Mimi."

Maji hayakukoma kumwagika. Makau alingoja vidole vya mkewe vimwachie kope, na havikumwachia. Vilikaza tu. Paja la Khamala chini ya kichwa chake likawa gumu kama ubao. Halafu Khamala alikichukua kichwa kile kwa uangalifu, akakihamishia pajani mwa Mukai.

"Endelea," akamwambia. "Usikome mpaka mtungi wa mwisho."

Mzee Kagiri alikuwa ameshafika, ameshasikia. Hakupoteza muda kwa maswali. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea majani ya ng'ombe, akairudisha nyuma hadi uani. Alimwamuru Khamala alale chali kwenye sakafu ya pikapu. Wapangaji wawili wakaweka magunia matupu juu yake, godoro la namba nne juu ya magunia, na Makau juu ya godoro. Mukai alipanda na mtungi.

Walikutana nao mita mia kutoka langoni, vijana kama ishirini. Pikapu ilisimama. Makau, jicho moja limefumba na la pili likiona ukungu, alisikia sauti ya Kagiri ikifoka kwa Kikuyu, kisha nyayo, kisha Kihara akiwa karibu kabisa.

"Eish! Fundi, ni nini imekufanya hivyo?"

"Betri," Makau akasema.

"Pole, mzee." Kihara aliinama. Chini ya mgongo wake, kupitia godoro, Makau alihisi mtu akipumua. "Na yule jamaa? Ako ndani?"

Uso ulikuwa ukimwaka. Ilimpasa kukusanya mate ili aweze kusema. "Yuko," akasema. "Amelala. Amejifungia."

Kihara aligonga pikapu kwa kiganja ipite.

Walivunja namba sita, hawakumkuta mtu, wakatoa vitabu nje wakavichoma. Wakati huo Khamala alikuwa ameshashushwa kituo cha polisi, ambako familia nyingine zilikuwa zimejaa uani na mabunda yao. Aliposhuka alisimama kando ya pikapu akamtazama Makau aliyekuwa amelala juu ya godoro. Mukai alisema, "Mwalimu." Khamala alitikisa kichwa, akageuka akaingia getini.

Hospitalini daktari alisema jicho la kushoto litapona. La kulia lilikuwa limekwenda, ila wale walioosha walikuwa wameokoa hilo lingine. "Mlifundishwa na nani?" akamuuliza Mukai. Akasema, "Na mwalimu wangu."

Hakumwacha mumewe, na hakumsemesha. Kwa wiki sita, chumbani mwao kwa Kagiri, alimbadilishia bandeji, akampa chakula, akalala akimpa mgongo. Machi, mkataba wa amani ulipokuwa umetiwa saini na magari yanatembea, alikwenda Kitui kumwona mtoto, akakaa siku ishirini. Makau alijua huenda asirudi. Alirudi na Victor na gunia la mahindi, akaweka mzigo chini, akasema maneno aliyokuwa ameyatunza. "Ulitaka kuua mtu kwa sababu alinifundisha. Nitakaa hapa kwa sababu nilikuona ukidanganya kwa ajili yake pale barabarani. Lakini usije ukafikiri hilo la pili limelifuta la kwanza."

"Sifikirii," Makau akasema.

Betri aliziacha. Kagiri alimpa kazi ya kukata majani na kulisha ng'ombe, na yeye aliifanya bila kusema sana. Mukai alisoma peke yake, kwa vitabu vya kuazima. Mwalimu mpya wa kanisani alifundisha kemia kwa kusoma kitabu kwa sauti, basi.

Wivu haukumtoka Makau. Watu husema balaa humsafisha mtu, lakini yeye hakuona hivyo. Mkewe alipoinama juu ya daftari na kutabasamu peke yake kwa jambo alilolielewa, kile kitu bado kiliamka ndani yake. Ila sasa alikijua kinaweza kufanya nini, na kila kilipoinuka aliondoka akaenda bandani kwa ng'ombe mpaka kitulie.

Siku moja ya Novemba, Mukai akiwa amemaliza karatasi ya mwisho ya mtihani, simu yake ililia. Makau alikuwa akimenya viazi. Alimsikia akisema, "Mwalimu! Uko wapi?" Khamala alikuwa Kakamega, anafundisha shule ya huko, Jentrix amejifungua mtoto wa tatu. Mukai alimweleza maswali yaliyotoka, moja baada ya jingine. Kisha akanyamaza, akasikiliza, akamnyooshea mumewe simu.

"Anataka wewe."

Makau alijifuta mikono kwenye suruali. "Hallo, mwalimu."

"Jicho linaendeleaje?" Khamala akauliza.

"La kushoto linaona."

"Vizuri." Upande wa pili kulikuwa na sauti ya watoto. "Bwana Makau, nimefikiri sana juu yako. Mke wangu anasema nikusamehe nilale usingizi. Sijafika hapo. Nakuambia ili ujue, kwa sababu ukimya nao ni uongo."

"Haki yako," Makau akasema.

"Lakini niliomba simu nikushukuru kwa lile la barabarani. Hilo ninalo pia. Yote mawili ninayo."

Makau alitaka kusema pole. Neno lilikuwa dogo mno, akaona aibu hata kulitoa. Mwishowe alilitoa hivyo hivyo lilivyokuwa.

"Nimesikia," Khamala akasema. "Nipe Mukai, bado hajaniambia swali la mwisho alilijibuje."

Makau alimrudishia mkewe simu. Alichukua sufuria ya viazi, akatoka nayo hadi mfereji, akafungua maji, akaanza kuviosha kimoja kimoja. Alijipa muda, mpaka wale wawili wamalize.